Kadi ya grafiki ya zamani au grafiki ya ndani ya prosesa? Namna ya kupima kabla hujatoa hela

Mwishoni mwa Novemba binti wa jirani yangu hapa Sakina alinijia na kompyuta yake ya mezani. Aliipakata kwenye bodaboda, kaifunga khanga isiingie vumbi. Anahariri video za send-off na harusi, na Desemba kwetu Arusha na Moshi ndiyo mavuno ya kazi hiyo, maana Wachaga wakisharudi nyumbani sherehe hazihesabiki.

"Shikamoo anko. Nimeweka kadi ya grafiki, lakini mashine imekuwa nzito kuliko nilipokuwa sina."

Kadi yenyewe ilikuwa GeForce GT 730, na boksi lake limeandikwa GB 4 kwa herufi kubwa. Mashine ni Dell OptiPlex 7050 ya mtumba, prosesa Core i5-7500, RAM GB 8 kwa kijiti kimoja. Alikuwa amedunduliza miezi miwili kununua kadi ile. Iliniuma, kwa sababu hela yake ilienda kwenye kitu ambacho tayari alikuwa na kizuri zaidi ndani ya prosesa, ila hakuna aliyemwambia. Namna ya kupima ninayoieleza hapa ndiyo niliyotumia kwenye mashine yake, na inafaa kwa yeyote anayefikiria kuongeza kadi ya zamani kwenye kompyuta ya zamani.

Hatua ya 1: Ijue mashine yako kwanza

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Kwenye sehemu ya utendaji utaona prosesa, kumbukumbu (RAM) na GPU, yaani chipu ya grafiki. Andika kwenye karatasi jina kamili la prosesa, jina la grafiki, kasi ya RAM, na sloti ngapi za RAM zimetumika kati ya ngapi. Kisha pakua CPU-Z, ni ya bure, ufungue ukurasa wa kumbukumbu uone kama RAM inafanya kazi kwa chaneli moja au mbili, yaani njia za kupitishia data kwenda kwenye prosesa. Hilo la chaneli wengi hulipita, nalo ndilo limeshika hela yako.

Jina la prosesa linakutajia umri wake. Kwa Intel, i5-4570 ni kizazi cha 4, ya mwaka 2013, na grafiki yake ya ndani ni HD 4600. i5-7500 ni kizazi cha 7, ya 2017, ina HD 630. i5-8500 ni kizazi cha 8, ya 2018, ina UHD 630. Ukiona herufi F mwishoni, kama i5-9400F, hiyo haina grafiki ya ndani, hivyo kadi ni lazima. Kwa Ryzen za AMD za mezani za miaka ile ni kinyume: yenye G mwishoni, kama Ryzen 5 2400G, ndiyo yenye grafiki ndani, na isiyo na G haina.

Hatua ya 2: Taja kazi yako kwa jina

Kama kazi yako ni Excel, hesabu za duka, barua na intaneti, funga mkoba wako; grafiki ya ndani inatosha. AutoCAD ya michoro bapa vilevile, kwa sababu uzito wake uko kwenye prosesa na RAM. Mwanafunzi wa usanifu majengo anayetaka kutengeneza picha za nyumba kwa programu nzito ya Lumion asinunue kadi yoyote ndogo ninayoitaja humu, atunze hela yake mpaka ifikie kadi kubwa. Wanaobaki ni wawili, mhariri wa video na mcheza gemu, na mahitaji yao hayafanani. Mcheza gemu anataka nguvu ya kuchora. Mhariri anataka kwanza kabisa chipu inayojua kufungua aina ya video inayotoka kwenye kamera au simu yake.

Hatua ya 3: Pima barabara, usipime stendi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapopotezwa.

Anayetoka Sakina kwenda Tengeru ana barabara ya njia nne, gari linatembea. Akishavuka Tengeru barabara inabana, na hata awe na injini ya namna gani, atafuata lori lililo mbele yake. Chipu ya grafiki nayo iko hivyo. Inasoma na kuandika data nyingi kila sekunde, na upana wa barabara kati yake na kumbukumbu ndio unaoamua mwendo. Zile GB za kwenye boksi ni ukubwa wa stendi. Stendi kubwa yenye barabara nyembamba haifikishi abiria.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua kasi ya kumbukumbu, zidisha kwa upana wa njia kwa biti, gawanya kwa 8, kisha kwa 1,000. Jibu ni GB kwa sekunde.

GT 730 ya binti yule ilikuwa na kumbukumbu ya aina ya DDR3, kasi 1,800, njia ya biti 64. Unapata 14.4. Sasa RAM ya kompyuta yake ni DDR4 ya 2,400, na kijiti kimoja kina njia ya biti 64: unapata 19.2. Ukiweka vijiti viwili kwenye sloti zinazostahili, njia zinakuwa biti 128 na jibu ni 38.4. Yaani grafiki ya ndani aliyopewa bure, ikiongezewa kijiti kimoja cha RAM, inapata barabara pana zaidi ya mara mbili ya ile ya kadi aliyoinunua. Ni kweli kwamba grafiki ya ndani inagawana barabara hiyo na prosesa, haiipati yote. Hata hivyo tofauti inabaki kubwa.

Angalia pia mtego wa majina. GT 730 ilipotoka mwaka 2014 ilikuwa na sura tatu chini ya jina moja. Kuna ya DDR3 biti 64 yenye kore 384 (vitengo vidogo vya kukokotoa ndani ya chipu), hiyo tuliyoipima. Kuna ya GDDR5, kumbukumbu ya kasi ya kadi za grafiki, biti 64 yenye kore 384 vilevile, inayofika 40. Na kuna ya chipu ya kale ya Fermi yenye kore 96 tu. GT 1030 ilifuata njia hiyohiyo: ya 2017 yenye GDDR5 inafika 48, ya 2018 yenye DDR4 inafika 16.8, na kwenye gemu nyingi ya DDR4 hutoa karibu nusu ya fremu (picha kwa sekunde) za mwenzake. Boksi zinafanana kama mapacha.

Kwa hiyo kadi ikiwa na DDR3 au DDR4 kwa njia ya biti 64, mrudishie muuzaji kwa heshima, hata kama ni GB 4. Kadi za zamani zenye barabara ya kweli ni zile za GDDR5 biti 128: GTX 750 Ti ya 2014 ina 86.4, GTX 1050 Ti ya 2016 ina 112, GTX 1650 ya 2019 ina 128.

Hatua ya 4: Umri wa chipu

Barabara peke yake haitoshi. Kila kizazi cha chipu kimejifunza kufungua aina fulani za video kwa maunzi, bila kuichosha prosesa. HD 4600 inafungua H.264, aina ya video iliyozoeleka, vizuri, lakini HEVC, aina mpya zaidi inayobana faili, haiwezi. HD 530 ya 2015 inafungua HEVC ya kawaida. HD 630 na UHD 630 zinafungua HEVC ya biti 10 (yenye rangi nyingi zaidi) pamoja na VP9, aina ambayo YouTube huitumia sana. GT 710 na GT 730 haziwezi HEVC wala VP9. Hapo ndipo lilipokuwa jeraha la pili la binti wa jirani: kamera yake inarekodi HEVC, na kuchomeka kadi kulizima grafiki ya ndani kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta. Alipoteza chipu iliyojua kazi, akabaki na isiyojua, mzigo wote ukaangukia prosesa.

GT 1030 inafungua HEVC na VP9, ila haina sehemu ya kusimba video, yaani kuibana iwe faili, wakati wa kutoa kazi iliyokamilika. GTX 1050 Ti inayo. Kwa mhariri tofauti hiyo ni kubwa kuliko namba za fremu.

Umri una upande wa draiva pia, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. NVIDIA, watengenezaji wa chipu za GeForce, iliacha kutoa draiva mpya za gemu kwa kadi za kizazi cha Kepler, kina GT 710 na GT 730 nyingi, mwaka 2021. Za Maxwell na Pascal, kina GTX 750 Ti na GTX 1050 Ti, zimefika mwisho Oktoba 2025, zikaachiwa marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Intel nayo iliziweka grafiki za kizazi cha 6 hadi cha 10 kwenye kundi la zamani mwaka 2022. Haimaanishi zinazimika. Zitaendelea kufanya kazi, lakini gemu jipya likileta tatizo, usisubiri dawa.

Na usisahau Windows yenyewe. Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Mtu mwenye i5-4570 anayetaka kuinunulia kadi ya bei nzuri mimi humshauri aongeze kidogo, aiuze mashine, achukue ya kizazi cha 8. Kadi nzuri ndani ya mashine inayoaga ni kupaka rangi nyumba ya kupanga.

Hatua ya 5: Nani anamshinda nani

Ukiwa na HD 4000 au HD 4600, kadi yoyote ya GDDR5 utaiona kwenye gemu. Ukiwa na HD 530, HD 630 au UHD 630 yenye RAM ya vijiti viwili, GT 710 na GT 730 ya DDR3 hazikuongezei kitu cha kulipia; GT 1030 ya GDDR5 inakupa takriban mara mbili. Wenye Ryzen 3 2200G au Ryzen 5 2400G za 2018 tayari wanakaa jirani na GT 1030 bila kadi, mradi RAM iwe ya chaneli mbili. Hao wasishuke chini ya GTX 1050 Ti, la sivyo watanunua walichonacho. GTX 1050 Ti ni kama GT 1030 mbili na zaidi, na GTX 1650 inaipita kwa takriban theluthi.

GTX 750 Ti naipenda bado. Ni ya miaka mitatu kabla ya GT 1030 na kwenye gemu inaizidi kidogo. Lakini HEVC haifungui kikamilifu, kwa hiyo mhariri aiache.

Hatua ya 6: Boksi la kompyuta na umeme wake

Kompyuta nyingi za mtumba zinazofika huku ni zile nyembamba za ofisini. Fungua kifuniko uangalie kwa macho. Kadi lazima iwe fupi kwa kimo, na iwe na bati lake fupi la kufungia. Kadi ya kimo cha kawaida haitaingia hata ukiibembeleza. Zile kompyuta ndogo kama kitabu hazina sloti kabisa.

Sloti ya PCIe inatoa wati 75 kwa kadi, si zaidi. GT 1030 inataka 30, GTX 750 Ti 60, GTX 1050 Ti na GTX 1650 zinafika 75. Mashine nyembamba kama OptiPlex 9020 ina pawasaplai ya wati 255 isiyo na waya wa ziada wa kadi, hivyo kadi yenye tundu la pini 6 uipite moja kwa moja. Nimeona fundi akiunga waya kutoka kwenye umeme wa diski kwenda kwenye kadi kubwa. Usikubali afanye hivyo kwenye mashine yako. Plastiki ya viunganishi huyeyuka, na inaanza kunuka wakati umeshatoka chumbani.

Gharama ya LUKU ihesabu pia. Kadi ya wati 75 ikifanya kazi kwa nguvu saa 6 kwa siku, mwezi mzima ni uniti 13.5. Kwa aliye kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, hizo si chache.

Hatua ya 7: Dukani

Muuzaji atakwambia, "Kaka, hii GB 2, hii GB 4, bei zinakaribiana, chukua ya 4." Mjibu taratibu: "Nashukuru, naomba uiwashe kwanza tuione kwenye GPU-Z." Hiyo ni programu inayosoma kadi ilivyo hasa; ibebe kwenye flashi. Akikataa kuiwasha, aga uende duka lingine.

GPU-Z ikifunguka soma aina ya kumbukumbu, upana wa njia, na idadi ya kore. GTX 750 Ti ina kore 640, GT 1030 ina 384, GTX 1050 Ti ina 768. RX 580 ya AMD iliyo kamili ina 2,304. Ukikuta 2,048 hiyo ni sawa na RX 570 iliyovaa jina la kaka yake, ilipe bei ya RX 570. Kuna pia kadi bandia: chipu ya kale kama ya GTS 450 iliyoandikwa upya ili ijitaje GTX 1050 Ti. Tangu mwaka 2018 GPU-Z inaweza kuzitambua nyingi na kuweka alama ya kuonya mbele ya jina. Hata bila programu, geuza kadi uangalie matundu yake. GTX 1050 Ti halisi chipu yake haitoi VGA. Ukikuta lile tundu la bluu la pini 15, weka chini.

Kisha iguse. Zungusha feni kwa kidole, isikwaruze wala kuyumba. Vumbi jepesi ni kawaida yetu, lakini vumbi lililogandamana na mafuta linasema kadi ilifanya kazi usiku na mchana. Omba iendeshwe na FurMark, programu ya kuilemea kadi, dakika kumi huku mnazungumza. Ikivuka nyuzi 85 mapema, au picha ikitoa vidoadoa, pasta ya kupoza chipu imekauka au chipu imechoka. Ukipimia Arusha mwezi wa Julai kwenye baridi, kumbuka kadi hiyo itakaa Moshi mwezi wa Februari.

Laptop ni habari nyingine

Kwenye laptop chipu imeunganishwa kwenye bodi, hutaibadilisha kamwe, kwa hiyo pima siku ya kununua. Kibandiko cha NVIDIA kisikutishe. Dell Latitude E6430 iliuzwa pia ikiwa na NVS 5200M, chipu ya Fermi yenye kore 96 ambayo draiva zake ziliachwa mwaka 2018. Leo haina faida juu ya grafiki ya ndani ya mashine za baadaye, inaongeza joto tu. MX130 ni 940MX iliyobadilishwa jina. MX150 ina sura mbili, ya wati 25 na ya wati 10, na ya pili iko nyuma sana.

Kwa upande wa pili, prosesa nyingi za laptop za Intel i5 na i7 za kizazi cha 11, kuanzia 2020, zina Iris Xe inayolingana na MX150 na mara nyingi kuipita, tena inafungua hadi AV1, aina mpya zaidi ya video. Ila ina sharti: ikiwa RAM ni ya chaneli moja, Windows itaandika UHD Graphics badala ya Iris Xe, na nguvu inashuka. Ukikuta i5-1135G7 imeandikwa UHD, usimlaumu muuzaji kwamba amekudanganya. Muulize bei ya kijiti cha pili, ukishahakikisha sloti ipo.

Hatua ya 8: Linganisha bei tatu kabla ya kuamua

Omba bei ya kijiti cha RAM kinachofanana na ulichonacho, bei ya kadi uliyoichagua, na bei ya kubadilisha mashine baada ya kuuza yako. Chukua kazi moja halisi, video ya dakika tano au gemu unalolicheza, upime muda au fremu kabla. Kila bei igawanye kwa unachotegemea kukipata. Kwenye kompyuta nyingi za kizazi cha 6 hadi cha 8 nilizozishika, kijiti cha RAM kimekuwa cha kwanza, tena kinasaidia hata kazi zisizo za grafiki. GTX 1050 Ti fupi hufuata, kwa mcheza gemu. Kubadilisha mashine ni kwa walio kizazi cha 4 kurudi nyuma.

Hatua ya 9: Kuchomeka na kujaribu

Zima, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha boksi kutoa umeme wa mwilini, ndipo uingize mkono. RAM ya pili iende kwenye sloti inayounda chaneli ya pili, mara nyingi yenye rangi ileile na ya kwanza. Ukiweka kadi, waya wa monita uchomeke kwenye kadi, si kwenye bodi, vinginevyo utaendelea kutumia grafiki ya zamani ukidhani kadi ni mbovu. Mhariri wa video mwenye Intel arudi kwenye BIOS ahakikishe grafiki ya ndani imebaki hai sambamba na kadi, ili programu iendelee kuitumia kufungua video.

Mashine ya binti wa jirani ilimaliza kwa kijiti cha pili cha GB 8 cha 2,400. GT 730 tuliichomoa, nikaifuta vumbi, akaiuza kwa mtu mwenye kompyuta ya kizazi cha 2 aliyetaka tundu la HDMI tu, naye tulimwambia ukweli wote wa kadi hiyo. Klipu ya HEVC iliyokuwa inaruka fremu kila anapoburuta kipanya ilianza kutembea. Alikaa palepale sebuleni kwangu akapanga kipande cha maharusi wakiingia ukumbini, akakirudia mara tatu kuhakikisha sauti ya tarumbeta inaangukia hatua ya kwanza ya bibi harusi, kisha akaifunga mashine yake khanga na kuita bodaboda.